Mgeni Mwenye Maswali: Utafiti wa Kianthropolojia Thika na Ruiru

Anthropolojia humtaka mtafiti akae na watu ili awaelewe. Aliyeifanya hiyo iwe kanuni ni Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyefundisha London School of Economics. Kati ya 1915 na 1918 alikaa katika visiwa vya Trobriand, mashariki mwa Guinea Mpya, akajifunza lugha ya wenyeji na kupiga hema katikati ya nyumba zao. Mwaka 1922 alichapisha kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekifuata kama kielelezo. Tangu wakati huo vitabu vya mbinu vimekuwa vikiorodhesha matatizo ya utafiti wa nyanjani kwa namna ileile: lugha, upweke, maradhi, chakula kigeni, mila zisizoeleweka. Matatizo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, kumbukumbu za waliofanya kazi katika eneo la Kiambu, Kenya, na hasa katika ukanda wa Ruiru hadi Thika, zinaonyesha ugumu mwingine ulio mzito kuliko hayo yote. Mtafiti huja na swali analoliona dogo, kumbe swali hilo linagusa shamba la mtu, kesi ya mtu, au jambo ambalo majirani wawili wamekubaliana kimyakimya wasilitaje.

Mahali penyewe panahitaji kuelezwa kwanza, kwa sababu hapafanani na picha ya kijiji kilichotulia. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, wakati ambapo walowezi wa Kizungu walikuwa wakifungua mashamba ya kahawa na katani kwenye ardhi iliyokuwa imetumiwa na Wakikuyu, Wamasai na Wakamba. Ruiru ikawa nchi ya kahawa kiasi kwamba kituo cha utafiti wa zao hilo kilichopo hapo kilitoa mwaka 1985 aina ya mbegu inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ikaitwa Ruiru 11. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi ziliwauzia wananchi hisa katika mashamba ya walowezi. Hisa zikageuka ploti, na ploti zikageuka majumba ya kupangisha. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, iliharakisha mambo hayo. Sensa ya 2019 iliupa mji wa Ruiru watu 490,120 na Thika watu 251,407, na kwa hesabu hiyo Ruiru ikawa miongoni mwa miji mitano mikubwa zaidi nchini. Katika jengo moja la Githurai 45 au Kimbo huishi Mkikuyu kutoka Murang'a, Mluhya kutoka Kakamega, Mkisii, Mkamba na mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Turkana. Mtafiti anayesema amekuja kujifunza “utamaduni wa wenyeji” hana budi kueleza kwanza ni wenyeji gani.

Kumbukumbu iliyoitangaza Thika zaidi duniani iliandikwa na Elspeth Huxley, aliyezaliwa mwaka 1907 na kuletwa huko na wazazi wake akiwa mtoto. Kitabu chake, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ikakifanyia tamthilia. Ni kitabu chenye macho makali kwa mambo ya nchi: wanyama, vumbi, mvua, kazi ya kusafisha pori. Lakini Wakikuyu waliomo wanaonekana kutoka upande wa mwenye shamba. Wanaonekana wakija kazini na wakiacha kazi, wakiumwa na wakigombana. Mtoto aliyelelewa shambani hakuwa na njia ya kujua yaliyosemwa jikoni kwao jioni. Huxley mwenyewe alilijua pengo hilo. Katika miaka ya 1930 alihudhuria semina ya Malinowski huko London, kisha akarudi Kenya kukusanya habari katika nchi ya Wakikuyu kwa ajili ya riwaya yake Red Strangers, iliyotoka 1939, ambamo alijaribu kusimulia ujio wa Wazungu kama ulivyoonekana na Wakikuyu wenyewe. Mchapishaji wa kwanza alitaka sehemu ya tohara ya wasichana ikatwe. Alikataa akaenda kwa mwingine. Mtu aliyekulia Thika alilazimika kwenda shule, halafu kurudi akiwa mwanafunzi, ili aanze kuona watu walioishi karibu naye tangu utotoni.

Kisa cha Louis Leakey ni kizito zaidi na kina mafunzo mengi, kwa hiyo kinastahili nafasi kubwa. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kianglikana. Alicheza na watoto wa Kikuyu, akazungumza Kikikuyu kama wao, na akatiwa jandoni na rika lake. Mtafiti gani angeomba maandalizi bora kuliko hayo? Mwaka 1937 alipopewa fedha na mfuko wa Rhodes ili aandike juu ya mila za Wakikuyu, bado hakuweza kuanza kwa kuuliza tu. Wazee walipaswa kukutanishwa wakubali, na Chifu Koinange wa Mbiyu alisaidia katika hilo. Aidha, maarifa ya Wakikuyu wa zamani yalikuwa na ngazi. Mwanamume alipanda daraja katika kiama, baraza la wazee, kwa kutoa mbuzi, na mambo ya daraja la juu hayakuelezwa kwa aliye chini. Leakey naye ilimbidi atoe mbuzi na kupanda. Hapo lugha haikutosha na kuzaliwa nchini hakukutosha. Kilichohitajika ni haki ya kuuliza, na haki hiyo ilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Matokeo yake ni kazi kubwa mno, juzuu tatu zenye maelezo ya ardhi, ndoa, kilimo, sadaka na sheria. Wachapishaji walitaka aifupishe, akakataa, na kitabu kikatoka mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake. Kati ya kuandika na kuchapisha, hata hivyo, maarifa yale hayakukaa bure. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Leakey alifanya kazi ya ujasusi kwa serikali ya kikoloni. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, aliandika kitabu juu ya Mau Mau, uasi dhidi ya wakoloni, kwa ajili ya wasomaji waliotaka kujua namna ya kuizima, na mwaka 1954 akatoa kingine. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria aliketi kama mkalimani wa mahakama, hadi mawakili wa utetezi walipomlalamikia naye akajitoa. Mambo aliyoelezwa kwa imani yakawa silaha dhidi ya jamii iliyomweleza. Hili ndilo funzo gumu kuliko yote katika historia ya anthropolojia ya Kiambu. Mzee wa leo anayemtazama mtafiti kwa muda mrefu kabla ya kujibu hana chuki na elimu. Familia yake imewahi kuona mwisho wa maelezo ya aina hiyo.

Tahadhari hiyo ina chanzo kingine pia. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya kutoka kwenye boma zao na kuwaingiza katika vijiji vya hali ya hatari vilivyozungukwa na handaki. Mwaka huohuo mpango wa Swynnerton ulianza kuunganisha vipande vya mashamba na kuvisajili kwa hati. Wapimaji na makarani walikwenda ukoo kwa ukoo wakiuliza maswali yaleyale anayouliza mwanaanthropolojia: babu yako ni nani, shamba hili lilitoka wapi, nani mwingine ana haki hapa? Waliokuwa kizuizini au msituni hawakuwapo kujibu. Wengi waliporudi walikuta mashamba yamepungua, na pengine jirani aliyekuwa upande wa serikali ameongezewa. Wajukuu wa pande zote mbili sasa husali kanisa moja na kununua maziwa duka moja. Nasaba anayoichora mtafiti kwa penseli inaweza kuwa ushahidi katika ugomvi ambao haujaisha.

Greet Kershaw, mwanaanthropolojia Mholanzi aliyefanya kazi Kiambu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyaona hayo kwa karibu. Alikusanya historia za nyumba moja moja katika vijiji vile vya hali ya hatari, watu wakiwa bado hawana mashamba na woga haujatoka. Kitabu chake juu ya Mau Mau kama ilivyoonekana na watu wa chini kilitoka mwaka 1997. Wanaopenda matokeo ya haraka watauona muda huo kuwa mrefu kupita kiasi. Kwa habari za namna ile, katika vijiji ambavyo kila mtu anamjua mwenzake, subira hiyo ilistahili.

Hofu hii ya maswali haikuwa ya Kiambu peke yake. E. E. Evans-Pritchard alifika kwa Wanuer wa Sudan Kusini mwaka 1930 na kukuta watu wasiotaka kumjibu. Akimwuliza mtu jina la ukoo wake, aliulizwa analitakia nini. Msomaji wa kitabu chake cha 1940 anaweza kudhani huo ulikuwa ukaidi wa kabila. Lakini serikali ilikuwa imetoka kuwapiga Wanuer kwa majeshi na ndege, na askari walizingira kambi aliyokuwa akiishi mtafiti mwenyewe ili kuwasaka manabii. Kukataa kwao kujibu kulikuwa na sababu yenye tarehe, na sababu hiyo ilikuwa serikali.

Wengine hudhani mtafiti mzawa ameepukana na shida hizi. Mfano wa kwanza ni Kenyatta mwenyewe, mzaliwa wa Gatundu, magharibi mwa Thika, aliyesoma kwa Malinowski na kuchapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938, dibaji ikiandikwa na mwalimu wake. Aliandika habari za watu wake kama mmoja wao, na hiyo ilikuwa nguvu ya kitabu. Aliandika pia kama mtu aliyetumwa kudai ardhi iliyochukuliwa na kutetea mila zilizokuwa zikishambuliwa na wamisionari, kwa hiyo picha ya Ukikuyu aliyoichora ina mapatano mengi kuliko magomvi, na wazee wana sauti kuliko wanawake na vijana wasio na mashamba. Yeye na Leakey walitofautiana waziwazi juu ya nani ana haki ya kuwasemea Wakikuyu. Wote wawili walikuwa wametiwa jandoni, na wote wawili walikuwa na jambo la kutetea. Kitabu cha Kenyatta bado ni lazima kisomwe, na msomaji makini hukisoma akijua kilikuwa pia shauri mbele ya watawala.

Mwanafunzi wa leo kutoka vyuo vya Juja, Thika au Nairobi anayekwenda kufanya utafiti nyumbani hukutana na ugumu wa aina nyingine. Akiuliza juu ya mahari, anaambiwa, “Si wewe ni wetu, unajua.” Maswali ambayo Mzungu angesamehewa, yeye huonekana ana utovu wa adabu au anajifanya mgeni. Kijana hawezi kumwuliza baba mkwe wake habari za ndoa, na msichana ambaye hajaolewa hukatizwa anapouliza mambo ya uzazi. Tena anatarajiwa kusaidia: kuandika barua ya karo, kumtafutia binamu kibarua, kuchanga matangani. Mara nyingi mtafiti mzawa hupata zaidi akivuka mto kwenda kata ya pili, ambako lugha ni ileile lakini hakuna anayemdai utii wa ukoo.

Mlango wa kuingilia nyanjani leo una hatua zake. Sheria ya mwaka 2013 ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi inamtaka mtafiti apate kibali kutoka NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia mambo hayo, na kabla ya hapo kamati ya maadili ya chuo huwa imepitia mpango wake. Kisha huja ofisi ya kaunti, naibu wa kamishna wa kaunti, chifu, naibu wa chifu, na mwishowe wazee wa mtaa na wa Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa majirani. Hatua hizi zina maana, ila zina madhara yasiyosemwa. Mtafiti anayetambulishwa barazani na chifu huonekana amekuja na chifu. Mtaani Kiandutu, mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Thika, chifu ndiye huleta habari za kubomolewa, za misaada na za msako wa pombe haramu. Busara ni kuripoti kwa chifu kama sheria inavyotaka, halafu kuingia mtaani kwa mlango mwingine: kanisa, chama cha akina mama, mwenye kibanda anayejulikana.

Watu humpa mtafiti kazi kabla hajajieleza. Akiwa na daftari kwenye mitaa mipya ya Ruiru, yeye ni broka wa ploti, au mtu wa ushuru, au amepelekwa na benki kumfuata mdaiwa. Mwandishi wa makala haya, aliyewahi kufuatana na watafiti mitaa hiyo akiwa mkalimani, anamkumbuka mama mmoja wa Kimbo aliyezungumza kwa uchangamfu juu ya kanisa lake, watoto wake na bei ya unga. Alipoulizwa familia ilipataje ploti ile, aliinuka kupika chai, akarudi na jirani yake mwanamume, na kuanzia hapo jirani ndiye aliyejibu. Baadaye ilijulikana kwamba ploti ile ilikuwa imeuzwa kwa watu wawili na shauri lilikuwa mahakamani. Swali la historia ya familia, ambalo kila kitabu cha mbinu kinashauri liwe la mwanzo, hapo lilikuwa la kuachwa mpaka mwenyewe alilete.

Katika kambi za wafanyakazi wa mashamba ya kahawa, kikwazo ni nyapara. Mchuma kahawa hujibu vizuri sana mbele yake, na majibu yote hufanana. Mtafiti anayeridhika na majibu hayo atarudi na ripoti ya watu wenye furaha. Anayesubiri Jumapili, au anayetembea na wachumaji baada ya kahawa kupimwa, husikia juu ya debe linalojazwa mpaka limwagike, juu ya siku zisizo na kazi, na juu ya watoto kuacha shule msimu wa mavuno.

Muda nao una sura yake. Malinowski aliwakuta watu wake wapo, kwa kuwa walilima na kuvua palepale. Ruiru huamka kabla ya alfajiri. Matatu hujaa watu wanaokwenda Nairobi kazini, na hurudi nao giza limeshaingia. Mtafiti anayefika saa nne asubuhi hukuta mama mboga, bodaboda wanaongoja abiria, wazee, na vijana wasio na kazi. Akiandika juu ya hao peke yao, mtaa mzima utaonekana hauna ajira. Mwisho wa mwezi ni shida nyingine: pikapu hupakia magodoro na makochi, wapangaji wanahama kufuata kodi nafuu, na nyumba iliyohojiwa mwezi jana ina watu wapya. Namba ya simu ya mhojiwa ni muhimu kuliko anwani yake. Jumapili ndiyo siku ya kazi kubwa kuliko zote, kwani ndipo watu wa makanisa mbalimbali, Presbiteri, Katoliki, AIPCA, Akorino wenye vilemba vyeupe, hukaa baada ya ibada wakizungumza bila haraka.

Kuhusu lugha, Kiswahili kinatosha kumfikisha mtafiti popote kati ya Githurai na Makongeni ya Thika, na hapo ndipo kinapoweza kumpotosha. Watu humjibu mgeni kwa Kiswahili cha adabu, halafu hugeuka na kujadili jibu lenyewe kwa Kikikuyu au Kikamba. Vijana huhamia Sheng, ambayo hubadilika mtaa hadi mtaa. Mkalimani husaidia, lakini naye ana ukoo wake, dini yake na umri wake, na humlinda mwenyeji au hujilinda mwenyewe. Mkalimani kijana akiambiwa amwulize mzee juu ya kiapo, atauliza kitu kingine kilicho karibu. Mtafiti hatalijua hilo asipokuwa na masikio ya lugha ile walau kidogo. Mwaka mmoja wa kujifunza Kikikuyu kabla ya kuhoji una faida kuliko mwaka wa pili wa kuhoji bila lugha.

Nasaba humchosha hata anayejua lugha. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana hufuata mabibi kwa mpango huohuo. Mzee Kamau mwenye wana watano atakuwa na wajukuu watano wanaoitwa Kamau, wa karibu umri mmoja, wote wakiishi kwenye mteremko mmoja. Mama anaweza kumwita mwanawe “baba” kwa sababu mtoto huyo amechukua jina la baba yake yeye. Mtafiti asiyejua hili huandika ndugu mara mbili na kumfanya mtoto kuwa mzazi. Wenyeji hutofautisha kwa jina la baba, kwa jina la utani, au kwa kazi, na dawa ya kosa hilo ni kuchora ramani ya boma huku mwenyeji akiangalia na kusahihisha.

Kuhesabu kuna mwiko wake vilevile. Wazee wa Kikuyu hawakupenda kutaja idadi kamili ya watoto au mifugo, wakiogopa kuiletea nyumba mkosi, na hesabu ya kumi ilipitwa kwa kusema tisa iliyojaa. Ndiyo maana koo za Wakikuyu hutajwa kuwa tisa kamili. Vijana wengi wa mjini hawaujali mwiko huo, lakini bibi wa miaka themanini huujali. Dodoso linaloanza na “una watoto wangapi walio hai?” humfunga mdomo kabla ya swali la pili. Akiachwa asimulie watoto wake mmoja mmoja, kwa majina na mahali walipo, idadi hupatikana yenyewe.

Suala la malipo huwagawa watafiti. Wengine husema kulipa huharibu ukweli wa majibu, na kamati za maadili hutaka malipo yasiwe kishawishi. Upande wa pili una hoja nzito. Mtu wa kibarua anayetoa saa mbili za asubuhi amepoteza siku, kwa kuwa mjengo haumngojei. Kiandutu imetembelewa na wanafunzi, mashirika na wapima afya kwa miaka mingi, na wakazi wameona madaftari mengi kuliko mabadiliko. Kuwaambia watu hao kwamba mazungumzo ni ya bure kwa faida ya elimu, hali mtafiti mwenyewe anapata shahada na mshahara, ni kudhulumu. Njia ya haki ni kutangaza tangu mwanzo kwamba kila anayehojiwa atarudishiwa nauli na muda wake, kiasi kilekile kwa wote, atoe majibu mazuri au mabaya, aendelee au aachie katikati. Michango ya matanga na ya harambee ni jambo jingine. Hiyo hutolewa kwa sababu mtafiti amekuwa jirani, na jirani huchanga.

Watafiti wanawake hubeba mzigo wa ziada ambao vitabu vya zamani viliunyamazia. Mazungumzo mengi ya wanaume juu ya ardhi na siasa hufanyika baa au kwenye stegi jioni, na mwanamke anayekaa hapo peke yake husemwa. Kurudi chumbani usiku kupitia vichochoro vya Githurai kunahitaji kusindikizwa, na anayesindikiza naye huanza kudai. Kwa upande mwingine, vyama vya akina mama, jikoni za sherehe na vibanda vya mboga ni wazi kwake, na humo ndimo mambo mengi ya fedha na ndoa za Thika hupangwa. Wanaume waliotafiti Kiambu kwa nusu karne hawakuingia humo, na vitabu vyao vimepungukiwa sana kwa sababu hiyo.

Upweke haupungui kwa kuwa mji una watu wengi. Malinowski aliacha shajara ya siri iliyochapishwa na mjane wake mwaka 1967, miaka mingi baada ya kifo chake, na wasomaji walishtuka kukuta hasira, dharau kwa wenyeji na hamu ya kukimbilia riwaya. Wengi walimlaumu. Faida ya shajara ile ni kwamba iliwalazimu walimu kukiri kwamba moyo wa mtafiti huingia katika maandishi yake, hivyo ni heri ujulikane. Mtafiti anayeishi katika bedsita ya Ruiru huku kila mtu akimjua na yeye hamjui yeyote vizuri anahitaji rafiki asiye mhojiwa, anahitaji siku ya mapumziko, na anahitaji msimamizi anayepokea simu.

Kuandika ndiko mwisho wa kazi, na mwanzo wa hatari mpya. Kubadilisha majina hakumfichi mtu. Ukiandika “mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye wake wawili, karibu na maporomoko ya Chania,” mtaa mzima umeshamjua. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 sasa inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinachukuliwa kwa sababu gani na zitatunzwaje, na rekodi za sauti zilizo kwenye simu ya mtafiti zinahusika. Wapo waliodai kwa muda mrefu kwamba wanaoandikwa nao waandike. Okot p'Bitek, aliyesoma anthropolojia Oxford na baadaye kufundisha Nairobi, alikemea mapema miaka ya 1970 lugha ya kudhalilisha iliyotumiwa na walimu wake juu ya Waafrika. Mkenya Mwenda Ntarangwi aliigeuza kamera mwaka 2010 kwa kuandika kitabu juu ya wanaanthropolojia wa Marekani wenyewe, mikutano yao, madarasa yao na mazoea yao, kama wao walivyozoea kuwaandika wengine.

Bado lipo pengo la wazi. Masharti ya kibali humtaka mtafiti akabidhi nakala ya ripoti kwa NACOSTI, na tasnifu huhifadhiwa chuoni, lakini mtu wa Kiandutu au wa Kimbo aliyehojiwa haioni. Thika ina maktaba ya umma, na chifu ana baraza. Kuweka nakala moja kwenye rafu hiyo, na kusoma muhtasari wa Kiswahili mbele ya watu ili wapinge au wakubali, hakuhitaji fedha nyingi. Basi mkazi wa Thika au Ruiru atakayebishiwa hodi na mtafiti ana haki ya kuona kibali chake, kuuliza majina yatatunzwaje, kukataa swali lolote, na kutaka ahadi kwamba kazi itakapokamilika itarudi mtaani. Aidai haki hiyo kabla ya swali la kwanza.